Miezi Minne ya Kungoja Upepo

Novemba ya mwaka juzi nilikwama gatini Kilwa Masoko kwa kukosa upepo. Bahari ilikuwa shwari, imetandazika kama mafuta ndani ya bakuli, na mashua niliyokubaliana nayo haikuwa na mashine. Nilitaka hivyo mwenyewe. Nilikuwa nimekuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, na niliona ni adabu kuvuka kwa tanga kama walivyovuka wenyewe waliojenga kuta zile. Kisiwa kilikuwa pale mbele yangu, mkondo wa kilomita mbili hivi tu, na Gereza lake, ngome ya mawe, linaonekana kwa macho makavu. Kufika, hatufiki.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Utangoja, au nikutafutie boti ya mashine?"

"Nitangoja. Lakini mpaka lini?"

"Mpaka wenyewe waelewane. Haya ni maleleji. Kusi kachoka, kaskazi hajafika."

Alizungumza juu ya pepo kama mtu anayezungumza juu ya majirani wawili wanaopokezana shamba. Akajilaza chini ya tanga lililokunjwa, akafumba macho. Mimi nikakaa juu ya fungu la kamba na daftari langu. Ndani ya daftari nilikuwa nimeandika orodha ya vitu vilivyosafiri: dhahabu ya Zimbabwe, pembe za ndovu, vyungu vya Uchina, shanga za India, nguo za Gujarat, tende, ambari. Miaka mingi nimesoma habari za njia za kale za biashara, za majini na za nchi kavu, na karibu kila nilichosoma kilihusu mwendo. Ramani zake zina mishale. Mshale unatoka Uchina unapita Malaka, unazunguka India, unateremka hadi kwetu. Unatazama ramani na kudhani watu hawa walikuwa safarini siku zote.

Hawakuwa safarini. Sehemu kubwa ya mwaka walikuwa wamekaa. Nimeshika imani, na nitaitetea hapa, kwamba kukaa kule ndiko kulikozaa karibu kila tunachokiita leo urithi wa pwani. Bidhaa zilikuja kwa upepo, lakini utamaduni uliumbwa wakati upepo haupo.

Hesabu yake si ngumu. Kaskazi hushika kati ya Desemba na Machi, na ndiye aliyeleta vyombo kutoka Gujarat, Ghuba ya Uajemi, Oman na Hadhramaut. Kusi huingia Aprili, na ndiye aliyevirudisha. Ila mwezi wa Juni na Julai kusi huwa mkali kupita kiasi, na bandari za magharibi mwa India zilikuwa zikifungwa kabisa kwa mawimbi. Nahodha aliyefika kwetu Januari aliweza kuuza, kununua, kukarabati chombo na kung'oa nanga Aprili au mapema Mei. Akichelewa kidogo tu, kwa sababu pembe hazijashuka kutoka bara au mdeni wake hajalipa, ilimbidi akae mpaka demani, kusi linapolegea mwezi wa Agosti au Septemba. Kwa mwenye bahati ni miezi minne. Kwa mwingine ni minane.

Watu wa pwani waliyajua mambo haya kwa siku, si kwa miezi. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao haujali upepo. Ramadhani huweza kuangukia kaskazi au kusi. Kwa hiyo mabaharia na wakulima walikuwa na kalenda nyingine inayofuata jua, inayoanzia Nairuzi, Mwaka Mpya wenye asili ya Uajemi. Siku 365 ziligawanywa katika mafungu ya siku kumi kumi, na kila fungu likaitwa muongo. Leo tukisema muongo tunafikiria miaka kumi, ya takwimu na mipango ya maendeleo. Zamani ulikuwa siku kumi za upepo. Nahodha alijua ni katika muongo upi wa Nairuzi chombo kitoke, na ni upi ambao akitoka atakuwa anaitafuta ajali. Kule Makunduchi, Unguja, siku hiyo bado inasherehekewa kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Watalii huenda kuona watu wakipigana kwa migomba. Laiti wangeambiwa pia kwamba wanaitazama saa ya zamani ya mabaharia.

Hesabu hiyohiyo ya upepo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Chombo kutoka India au Uarabuni kiliweza kufika hapa na kurudi kwao katika msimu mmoja. Kikiteremka zaidi hadi Sofala, ilikotoka dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, msimu ulikwisha kikiwa bado kusini, na mwenyewe akapoteza mwaka mzima. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliifuata dhahabu Sofala kwa vyombo vyao, wakaileta hapa, wakawangojea wageni. Kilwa ilisimama mahali ambapo upepo wa msimu mmoja unaishia. Sijui mji mwingine ambao utajiri wake unaelezeka wazi namna hii.

Sasa, mgeni wa miezi minne unamfanyaje? Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa siku ya tatu inapofika, mgeni ndiyo kwanza amemaliza kushusha shehena. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331, na alichokiona Mogadishu nakiona ni cha thamani kuliko yote aliyoyaandika juu yetu. Anasimulia kwamba chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa vidau, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji huyo. Mwenyeji alimuuzia mali yake na kumnunulia anayoyataka, na mtu aliyemlalia mgeni kwa bei, au aliyefanya naye biashara mwenyeji hayupo, mauzo yale hayakutambuliwa.

Ulikuwa mfumo kamili wa biashara: dalali, mdhamini, benki na nyumba ya kulala, vyote kwa mtu mmoja. Lakini ulianza na sahani ya chakula. Mgeni njoo mwenyeji apone. Watu tunaitamka methali hii kama neno la ukarimu tu, kumbe ndani yake mna hesabu za faida. Mwenyeji anapona kwa sababu mgeni hana pa kwenda. Upepo umemfunga.

Desturi hii ilikuwa ya kale hata zama za Ibn Battuta. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alieleza njia za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi katika maandishi yanayojulikana kama Periplus. Anaitaja bandari ya Rhapta, ya mwisho kusini mwa pwani yetu, yenye pembe za ndovu na magamba ya kasa, na mashua za kushonwa kwa kamba. Kisha anasema manahodha Waarabu waliotumwa huko wanawafahamu wenyeji, wanaoana nao na wanaijua lugha yao. Karibu miaka 2000 iliyopita! Kabla ya Uislamu, kabla ya msikiti wa kwanza wa mawe, tayari mtu alikuwa ameliona jambo lenyewe: wanaoana nao, na wanaijua lugha yao.

Nyumba za pwani zilijengwa kwa ajili ya kungoja huku. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe ya Lamu unapokewa kwanza na daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili. Hapo mtu huketi, huzungumza biashara, hunywa kahawa, na bado hajaingia ndani. Nyumba nyingi zilikuwa na chumba cha wageni kinachoitwa sabule, kilichotengwa ili mfanyabiashara aishi humo miezi yake bila kukatiza maisha ya wenye nyumba. Kadiri unavyozidi kuingia, ndivyo faragha inavyoongezeka, mpaka unafika ndani, chumba cha mama mwenye nyumba. Ukuta wake umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa iliyochongwa, na kwenye zidaka ndiko zilikokaa sahani na bakuli za Uchina. Vyombo vilivyovuka nusu ya dunia havikuwekwa darini wala mlangoni kwa maonyesho. Viliwekwa kwa mama.

Nasisitiza hili kwa sababu wanawake hawapo kwenye mishale ya ramani. Katika visiwa vya Lamu na Pate ilikuwa desturi ya familia za waungwana kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Itazame desturi hiyo kwa jicho la bandari. Mume anakuja kwa kaskazi, pengine anaondoka kwa kusi. Nyumba haiondoki, wala mama, wala watoto. Habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba Ali bin Hasan, kutoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Simulizi la Kiswahili linaongeza kwamba alimwoa binti wa Mrimba, mkuu wa wenyeji. Tumezoea kuitaja nguo. Binti tunampita.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba watu wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa kutoka Asia kwa upande wa akina baba. Asili hiyo ya Asia kwa muda mrefu ilikuwa zaidi ya Uajemi, na kidogo ya India. Ya Uarabuni iliongezeka baadaye, tangu karibu mwaka 1500. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kwa vizazi wasomi waligombana juu ya nani aliyejenga miji hii. Wakati wa ukoloni walisema ni wageni, Mwafrika alitazama tu. Baadaye wengine wakajibu kwamba wageni hawakuwa na lolote, na kwamba simulizi za Shiraz ni majigambo ya koo. Pale Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya zamani kabisa ikifika karne ya 8. Waumini walianza wachache, wakajenga kwa miti kama nyumba za jirani zao. Hakuna aliyeshusha mji kutoka melini.

Nami nilipoyasoma matokeo yale niliwaza juu ya lugha. Mtoto aliyezaliwa sabule au ndani alikua akimsikia nani? Baba alimpa jina, nasaba, dini, pengine hati za Kiarabu. Mama alimpa sarufi. Ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya Kibantu hadi kwenye uti wa mgongo, na juu yake kimevaa kila nguo iliyoteremshwa bandarini. Nahodha, bandari na nanga ni maneno ya Kiajemi. Bahari ni Kiarabu. Bima na hundi yametoka India. Lakini chombo kinapoanza kwenda, tanga ni letu, na wimbi, na mwamba, na maji kupwa na kujaa. Nimewahi kusikia watu wakiona haya kwa kuwa lugha yetu ina maneno mengi ya kigeni. Mimi naona fahari. Kila neno lile ni mtu aliyekaa msimu mzima barazani kwa mtu.

Niliwahi kudhani kwamba jambo hili ni la bahari tu, kwa sababu ya pepo. Nchi kavu hakuna kaskazi. Ngamia hutembea wakati wowote. Kisha nikasoma barua za Wasogdia, watu wa Asia ya Kati. Mwaka 1907 mvumbuzi Aurel Stein alizikuta katika gofu la mnara wa ulinzi magharibi ya mji wa Dunhuang, Uchina, kwenye ile njia ambayo mwanajiografia Mjerumani Ferdinand von Richthofen aliieneza kwa jina la Njia ya Hariri mwaka 1877. Ni barua za karatasi, za mwanzo wa karne ya 4, zilizotumwa na wafanyabiashara wenye asili ya Samarkand, na hazikufika zilikokwenda. Wengi huzungumzia yale yanayohusu fedha, miski na vita. Mbili kati yake ziliandikwa kwa niaba ya mwanamke aitwaye Miwnay.

Mumewe alimleta Dunhuang, akaondoka, akamwacha huko na binti yao, Shayn. Miaka mitatu alikuwa akingoja. Aliomba msaada kwa jamaa na wakubwa wa jumuiya ya Wasogdia, kila mmoja akamsukumia kwa mwingine. Misafara ilipita na hakuwa na fedha za kujiunga nayo. Katika barua kwa mumewe uvumilivu unamwishia, na kwa hasira anamwambia ni heri angekuwa mke wa mbwa au wa nguruwe kuliko kuwa mke wake. Binti anaongeza mwishoni kwamba wamekuwa watumishi wa Wachina.

Barua ile haitoki akilini mwangu. Njia ya Hariri haikuwa barabara moja ambayo mtu aliipita toka mwanzo hadi mwisho. Mali ilipokezwa kutoka mkono hadi mkono, oasisi hadi oasisi, na katika kila oasisi walikuwapo watu waliokaa: wenye nyumba za misafara, makarani, wakalimani, wake. Dini ya Budha, hati, karatasi, muziki, vyote vilihama kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa mahali fulani muda wa kutosha kujifunza cha jirani. Miwnay ni mmoja wao, na hakuchagua. Tunapousifu mwingiliano wa tamaduni, tukumbuke kwamba kuna mtu aliyelipia.

Hata kwetu bara ilikuwa hivyo. Msafara wa karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ulipita Tabora, na Tabora ndipo watu walipokaa, wakanunua vyakula, wakatafuta wapagazi wengine. Wanyamwezi, waliokuwa wameijua njia hiyo kabla ya wafanyabiashara wa pwani, walishuka kambini Bagamoyo na kungoja mizigo. Kiswahili kilipanda bara kupitia kambi hizo.

Yuko mmoja aliyekataa kungoja, na kisa chake kinafundisha. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, kusi likiwa linaanza. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na kwa siku kama 23 hivi walikuwa mbele ya pwani ya India. Safari laini. Kurudi hakutaka kusubiri. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, kaskazi bado haijashika, akafika Malindi Januari 1499. Ilimchukua miezi mitatu kwa njia aliyokwenda kwa wiki tatu. Mabaharia wake walikufa kwa kiseyeye, mpaka akalazimika kuichoma moto meli mojawapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mtoto yeyote wa Malindi angemwambia ni muongo upi wa kutoka.

Miaka sita baadaye wenzake walirudi wakiwa na haraka ileile. Mwaka 1505 waliipora Kilwa, kisha Mombasa. Hawakuja kukaa barazani kwa mtu. Walijenga ngome, na neno walilotuachia kwa jengo kama lile nililokuwa nikilitazama ng'ambo ya maji ni gereza, linalotokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Sikatai kwamba na wao walituachia meza, bendera na leso. Lakini ni wazi kwangu ni mgeni wa aina gani anayeacha neno gereza.

Wala sitaki kuipaka rangi biashara ya zamani. Vyombo vilivyoondoka kwa kusi vilibeba pia watu waliotekwa, tangu karne nyingi kabla ya Mreno. Waliopelekwa Iraq waliasi karibu na Basra mwaka 869, na ilichukua hadi 883 kuwashinda. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilikua hadi kuangamiza vijiji vizima vya bara, na soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Kwa watu hawa kungoja upepo kulikuwa kungoja ndani ya ghala lenye joto, bila kujua ni wapi. Wao nao waliacha urithi. Kule Gujarat, Wasidi, kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari, bado wanacheza ngoma wanayoiita goma. Neno moja lilibaki mdomoni mwao baada ya karne kadhaa, na neno lenyewe lilikuwa ngoma. Nilipoona picha za wazee wale wakipiga, niliwatambua kwa namna walivyoinamisha shingo.

Na iko biashara moja ambayo naipenda kuliko zote kwa unyenyekevu wake: boriti. Kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, majahazi yalirudi Ghuba yakiwa yamejaa miti ya mikoko kwa ajili ya kuezekea. Ulikuwa mzigo wa maana hadi karne ya 20. Boriti ya mkoko haivuki urefu wake, na kwa hiyo upana wa chumba uliishia mahali boriti inapoishia, mita 2 na nusu hadi 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Ndiyo sababu pia vyumba vingi vya kale vya Kuwait na Bahrain ni hivyohivyo. Mtu wa Ghuba alizaliwa, akalala na kufa chini ya dari iliyokatwa Rufiji, na ukubwa wa chumba chake ulipimwa na mti uliootea matopeni kwetu. Ukisikia mtu anasema pwani hii ilipokea tu, mpeleke akatazame dari zile.

Upepo ulikuja alasiri. Kwanza maji yakafanya vikunyanzi upande wa kaskazini, kisha kamba zikaanza kugonga mlingoti. Nahodha akainuka bila kuamshwa na mtu, akatweka tanga, tukaingia mkondoni. Nilimwambia niliyokuwa nikiyawaza juu ya watu waliokaa. Alinisikiliza, mkono kwenye usukani.

"Mama yake bibi yangu," akasema, "aliolewa na mtu wa Sur, wa Oman. Alikuja na jahazi, akakaa. Misimu mitatu alikuwa akija na kuondoka. Wa nne hakuja."

"Chombo kilizama?"

"Nani ajuaye? Basi kaskazi ikianza, bibi mkubwa anashuka ufukweni, anakaa pale penye mbuyu. Bibi alikuwa mtoto, anapelekwa naye."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mpaka macho yalipokwisha nguvu. Tena hata hapo hakuacha. Akisikia watu wanapiga kelele forodhani, anamwambia bibi: hebu nitazamie, tanga lile la rangi gani?"

Tulikuwa tumekaribia. Chini ya Gereza watoto wawili walisimama majini hadi magotini, wakingoja tuwarushie kamba.